Ofisa Akikosa Cheo, Nani Hulipa?



Kamati yetu imewataka walimu waandike, katika toleo hili la kumbukumbu, makala za historia zitakazowasaidia vijana waliozaliwa kambini kufahamu tulikotoka. Nimechagua jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo: habari za ofisa wa jeshi aliyeachwa kando, naye anatafuta uteuzi mpya. Siandiki ili kumtukuza mtu, wala kumhukumu. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, na siasa za vyama haziruhusiwi humu kambini. Naandika kwa sababu nikifuatilia miaka ya historia yetu, kila mara namkuta ofisa huyo mlangoni, na nyuma yake nawaona watu wenye mikeka na masufuria kichwani wakielekea mpakani.

Tuanzie Kinindo. Kwa vijana wasioijua Bujumbura, Kinindo ni mtaa wa kusini mwa jiji, chini ya Musaga, upande wa Ziwa Tanganyika. Mitaa ya jiji ilipogawanywa upya, uliwekwa katika komini ya Muha. Ni mtaa wa watu wenye nafasi: nyumba kubwa, kuta ndefu, mageti ya chuma, walinzi. Humo wamekaa wakuu wa wizara, wafanyabiashara, wageni wa mashirika ya kimataifa na maofisa wa jeshi. Katika nchi ambayo watu wengi mno wanaishi kwa jembe, njia fupi ya kutoka mlimani kwa wazazi hadi mtaa kama Kinindo ilikuwa ni cheo cha serikali. Dekree moja ikisomwa redioni jioni, huleta gari, dereva, mafuta na mlinzi. Dekree nyingine ikisomwa, vyote huondoka. Jirani aliyekuwa akisimama kukusalimu, kesho yake anapita kama hakuoni.

Basi mwenye kuachwa kando haoni kwamba amekosa kazi tu. Anaona amekosa uhai. Mwalimu akinyimwa cheo hurudi darasani akinung'unika. Karani akinyimwa huandika barua ya malalamiko, akangoja majibu yasiyokuja. Lakini ofisa wa jeshi ana jambo ambalo mwalimu na karani hawana: ana watu wanaomtii, nao wana bunduki. Hapo ndipo uchungu wa mtu mmoja unapogeuka kuwa msiba wa nchi nzima.

Tazameni mwanzo wake. Mwezi Mei 1965 ulifanyika uchaguzi wa wabunge, na Wahutu wakapata viti 23 kati ya 33. Waliposubiri waziri mkuu atoke upande wao, Mwami Mwambutsa alimteua Léopold Biha, mtu wa karibu na ikulu. Oktoba mwaka huo kundi la maofisa na askari wa jandarmeri lilishambulia ikulu, likashindwa. Wanasiasa na maofisa wengi Wahutu walipigwa risasi. Julai 1966 mwana wa Mwami, Charles Ndizeye, alimwondoa baba yake na kuwa Ntare wa Tano, naye akamteua kapteni kijana, Michel Micombero, kuwa waziri mkuu. Haikupita hata miezi mitano. Tarehe 28 Novemba 1966, Ntare akiwa Kinshasa katika sherehe za mwaka mmoja wa utawala wa Mobutu, Micombero alitangaza jamhuri. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kuanzia hapo bunduki ikawa ndiyo barua ya maombi ya kazi. Chini ya Micombero yalitokea mauaji makubwa ya 1972, yaliyowapeleka wazee wetu Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tarehe 1 Novemba 1976 Kanali Jean-Baptiste Bagaza alimwondoa Micombero, ambaye aliishia uhamishoni Mogadishu na kufariki huko mwaka 1983. Tarehe 3 Septemba 1987 ikawa zamu ya Bagaza. Alikuwa amekwenda Quebec, Kanada, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi zinazotumia Kifaransa. Nyumbani alikuwa amegombana na Kanisa Katoliki, na ndani ya jeshi kulikuwa na manung'uniko, hasa ya askari wa vyeo vya chini walioogopa kustaafishwa. Meja Pierre Buyoya akashika nchi. Micombero, Bagaza na Buyoya wote walitoka Rutovu, mkoa wa Bururi. Yaani hata mtu wa nyumbani kwako hakuwa na huruma nawe, kiti kikiwa kimoja.

Huyu Buyoya ndiye ninayetaka tumtazame kwa makini, kwa sababu yeye peke yake alipita njia zote: ya bunduki, ya kura, ya mkataba, na mwisho ile ya kuomba kazi kwa karatasi kama mtu yeyote.

Alipata kiti kwa bunduki mwaka 1987. Mwaka uliofuata yalitokea mauaji ya Ntega na Marangara, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Rwanda. Baada ya hapo alimteua Adrien Sibomana, Mhutu, kuwa waziri mkuu, akasimamia Mkataba wa Umoja wa 1991 na Katiba ya 1992 iliyoruhusu vyama vingi. Tarehe 1 Juni 1993 wananchi walipiga kura. Melchior Ndadaye wa FRODEBU alipata karibu asilimia 65, Buyoya wa UPRONA karibu asilimia 32. Meja alikuwa ameachwa kando, tena na wananchi wenyewe. Alikubali matokeo, akakabidhi madaraka tarehe 10 Julai, na dunia ikamsifu.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, wanajeshi walimwua Rais Ndadaye. Nchi ikawaka. Wahutu na Watutsi waliuawa kwa maelfu, na katika majuma machache watu wapatao 700,000 walivuka mipaka. Rais Cyprien Ntaryamira aliyefuata aliuawa tarehe 6 Aprili 1994 ndani ya ndege moja na Rais Habyarimana wa Rwanda. Sylvestre Ntibantunganya akarithi serikali ambayo haikuwa na nguvu juu ya jeshi lake yenyewe.

Katika miaka hiyo Buyoya alikuwa raia mstaafu. Alianzisha wakfu wa kuhimiza umoja, amani na demokrasia. Kumbe kiti kilikuwa bado kinamngoja. Julai 1996 zaidi ya watu 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya Bugendana waliuawa, na Rais Ntibantunganya alipokwenda kuzika alipigwa mawe, akakimbilia kwa balozi wa Marekani. Tarehe 25 Julai jeshi likamrudisha Buyoya. Jirani zetu, Tanzania ikiwa mbele, walikutana Arusha na kufunga mipaka ya biashara. Vikwazo hivyo vilisimamishwa Januari 1999 tu. Vijijini watu waliswagwa kuingia kambi za kukusanywa pamoja. Huku magharibi mwa Tanzania majina ya Lukole, Kanembwa, Mtabila, Nduta na Mtendeli yakawa majina ya nyumbani. Wapo kati yetu waliozaliwa ndani ya majina hayo.

Baada ya Mwalimu Nyerere kufariki tarehe 14 Oktoba 1999, Mzee Mandela aliendeleza upatanishi, na Mkataba wa Arusha ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Katika mpango wa mpito, Buyoya alipewa miezi 18 kuanzia 1 Novemba 2001, kisha amwachie Domitien Ndayizeye. Wengi hawakuamini. Lakini tarehe 30 Aprili 2003 alikabidhi. Safari hii aliondolewa na kalenda, wala hakuna risasi iliyolia ikulu kwa ajili yake. Katiba ya 2005 ikaweka utaratibu mwingine ambao vijana hawaujui: marais wastaafu walipewa viti katika Seneti. Hivyo Bagaza aliyepinduliwa na Buyoya aliyempindua waliwekewa viti katika chumba kimoja. Wengine walicheka. Mimi naona ilikuwa busara kubwa. Mtu mwenye kiti, hata kiwe kidogo, hana haraka ya kupindua meza.

Kisha Umoja wa Afrika ukampa Buyoya kazi. Mwaka 2012 aliteuliwa mwakilishi wake wa Mali na eneo la Saheli. Na mwaka 2014 aliomba cheo kikubwa zaidi: ukatibu mkuu wa Francophonie, shirika la nchi zinazotumia Kifaransa, lililokuwa likiongozwa na Abdou Diouf wa Senegal. Serikali ya Bujumbura, iliyokuwa mikononi mwa CNDD-FDD, chama kilichopigana naye msituni, ndiyo iliyompeleka kama mgombea wake. Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Mkutano wa shirika lile lile la Quebec, ambao mwaka 1987 ulimpa nafasi ya kupindua, sasa aliuendea na barua mkononi.

Wagombea walikuwa watano. Wanne walitoka Afrika: Buyoya, Henri Lopes wa Kongo-Brazzaville, Jean-Claude de l'Estrac wa Mauritius na Agustín Nze Nfumu wa Guinea ya Ikweta. Wa tano alikuwa mama mmoja wa Kanada, Michaëlle Jean. Viongozi walikutana karibu na Dakar tarehe 29 na 30 Novemba 2014. Waafrika walikuwa wamegawanyika, kila mmoja na mtu wake. Kiti kilikwenda kwa yule mama.

Na mama huyo ni nani? Alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1957. Familia yake ilimkimbia dikteta Duvalier, nao wakafika Kanada mwaka 1968 wakiwa wakimbizi, wakaishi katika jimbo lile lile la Quebec. Alisoma, akawa mtangazaji, na kuanzia 2005 hadi 2010 akawa Gavana Mkuu wa Kanada. Wanafunzi wangu, someni tena sentensi hiyo. Meja aliyewahi kushika nchi mara mbili alikaa chumba kimoja cha kungoja na mtoto wa mkimbizi, na aliyeitwa ndani ni mtoto wa mkimbizi.

Je, Buyoya alifanya nini alipokosa? Alirudi kwenye kazi yake Mali. Basi. Hakuna kambi iliyozingirwa, hakuna redio iliyotekwa. Hakuna mama aliyevuka mto Malagarasi usiku na mtoto mgongoni kwa sababu Buyoya alikosa kiti cha Dakar. Naye Michaëlle Jean, mwaka 2018, alipotaka muhula wa pili, aliachwa kando pia, akachaguliwa Louise Mushikiwabo wa Rwanda. Akafunga mizigo yake. Hilo ndilo jambo kuu ninalotaka kulisema katika makala hii: kuachwa kando hakuui nchi. Kinachoua nchi ni pale anayeachwa kando anapokuwa na bunduki, na hana mlango mwingine wa kubisha.

Lakini tusidanganyane. Barua ya maombi haifuti madeni ya zamani. Wapo Warundi waliouliza mwaka 2014 inakuwaje mtu aombe kuongoza shirika la mataifa mengi ilhali damu ya Ndadaye haijapata majibu. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Burundi ilimhukumu Buyoya kifungo cha maisha kwa mauaji hayo, yeye akiwa nje ya nchi. Aliikataa hukumu hiyo na kusema ni ya kisiasa. Novemba alijiuzulu kazi ya Umoja wa Afrika, na Desemba 2020 akafariki Paris kwa ugonjwa wa Uviko, akazikwa Bamako. Micombero alifia Mogadishu, Bagaza alifia Brussels mwaka 2016, Buyoya Paris. Wote watatu walitafuta kiti kwa bunduki, na wote watatu walikata roho katika nchi za watu. Sisi wakimbizi twajua uzito wa neno hilo.

Na mwaka 2015, kabla kilio cha zamani hakijaisha, habari ile ile ilirudi. Jenerali Godefroid Niyombare alikuwa amepita vyeo vikubwa: mkuu wa majeshi, balozi nchini Kenya, kisha mkuu wa idara ya usalama. Februari 2015 alifukuzwa kazi baada ya kumshauri Rais Nkurunziza asigombee muhula wa tatu. Aprili maandamano yalianza, Musaga ikiwa miongoni mwa mitaa ya mbele, hatua chache juu ya Kinindo. Tarehe 13 Mei Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki, Niyombare alitangaza kwamba amemwondoa. Alisema anatetea Katiba na Arusha. Siku mbili baadaye jaribio lilikuwa limeshindwa. Ntare alikuwa Kinshasa, Bagaza alikuwa Quebec, Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam: miaka karibu 50, na mbinu haijabadilika.

Watu walikuwa wameanza kukimbia hata kabla ya siku hiyo, lakini baada yake mlango ulifunguka kabisa. Wengi mnaukumbuka ufuo wa Kagunga: makumi ya maelfu ya watu kati ya mlima na ziwa, kipindupindu, na meli kongwe ya Liemba ikisomba watu kuwapeleka Kigoma. Kufikia mwaka 2017 wakimbizi wa Burundi nje ya nchi walizidi 400,000.

Kwa nini jambo hilo hilo huko kwingine halizai makambi? Tazameni jirani aliyetupokea. Mwaka 1992 Luteni Kanali Jakaya Kikwete alistaafu jeshi ili abaki katika siasa, vyama vingi viliporuhusiwa. Mwaka 1995 aliomba chama chake, CCM, kimteue agombee urais. Alitangulia katika kura ya kwanza, lakini kura ya pili akazidiwa na Benjamin Mkapa. Ofisa wa zamani akaachwa kando. Alipewa Wizara ya Mambo ya Nje, akakaa humo miaka kumi, akaomba tena mwaka 2005, akapata. Ndiye aliyekuwa Rais mwaka 2014, Tanzania ilipowapa uraia zaidi ya watu 162,000 waliotoka katika wimbi letu la 1972. Na ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano ule wa Dar es Salaam wa Mei 2015.

Sisemi Watanzania ni malaika. Nao Januari 1964 jeshi lao liliasi katika kambi ya Colito, askari wakidai mishahara na wakitaka maofisa Waingereza waondolewe ili Waafrika wapandishwe vyeo. Hayo nayo yalikuwa malalamiko ya walioachwa kando. Tofauti ni kwamba baada ya hapo serikali ilivunja jeshi lile na kujenga jipya, na siasa ikajengewa ngazi yenye vidato vingi. Aliyekosa kidato kimoja alijua kuna kingine, na kwamba mlango utafunguliwa tena baada ya miaka inayohesabika. Miaka ya TANU walifundishwa kwamba cheo ni dhamana. Dhamana hurudishwa kwa mwenyewe. Mali ya urithi ndiyo watu huichinjia.

Arusha ilijaribu kutujengea ngazi ya namna hiyo: jeshi lisiwe na zaidi ya nusu kutoka kabila moja, Seneti iidhinishe uteuzi wa wakuu wa majeshi, muhula uwe na mwisho. Vidato hivyo si maneno matupu ya wanasheria. Kila kimoja kiliwekwa mahali ambapo watu wetu walianguka.

Nimalizie na yaliyo karibu. Kambini kwetu pia watu huachwa kando. Kila mwaka kuna anayeomba uongozi wa zoni, ualimu, kazi ya uhamasishaji wa afya, naye anakosa, halafu anaona kabila lake, mkoa wake au dini yake ndiyo sababu. Hana bunduki, lakini ana ulimi, na ulimi ndani ya kambi huweza kuchoma. Ndugu wa mashirika, tangazeni nafasi mahali ambapo wote wanasoma, elezeni sababu kwa maandishi, na semeni nafasi itatangazwa tena lini. Mtu anayejua tarehe ya kujaribu tena hulala usingizi. Ndugu wakazi, tuliyemchagua tumpe heshima, na tuliyemwacha tumpe salamu ile ile tuliyompa jana. Na ninyi wanafunzi, siku mtakaporudi nyumbani, mkawa maofisa, walimu au mawaziri, labda mkajenga huko Kinindo, mkumbuke kwamba siku ya kuondoka ipo. Mpanda ngazi hushuka. Ashuke kwa miguu yake, asiiangushe ngazi juu ya watoto wa wenzake.